Kinda la Mkunga

Mkunga alirudi nyumbani Jumamosi jioni akiwa na kamera nzima na mkono uliovimba. Alipitia mlango wa nyuma, akavua viatu vilivyojaa tope, akaurekebisha mtandio aliokuwa ameutumia kuuning'iniza mkono shingoni, kisha akaingia sebuleni kama mtu aliyetoka dukani kununua kiberiti.

Watu waliendelea kumwita Mkunga hata baada ya kustaafu, maana nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Aliishi kwa mwanawe wa kwanza, ambaye naye jina lake lilikwisha kusahaulika. Huyo alifanya kazi katika ofisi ya bima, na kwa kuwa hakuweza kumsalimia mtu bila kumwuliza kama amejikinga, wakamwita Bima. Mkewe Bima alikuwa mwalimu wa chekechea. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mama mkwe jioni ile.

"Mama! Huo mkono umefanyaje?"

"Unaniuma kidogo tu, mwanangu. Chai ipo?"

Chai ilikuwepo, lakini kabla haijapoa Bima alikwisha kumpigia simu dada yake, na kabla Mkunga hajaimaliza, dada mtu alikwisha kufika. Huyu alikuwa msusi, na alikuja mbio mbio akiwa bado na vibanio vya nywele za watu vimemjaa kifuani kwenye aproni.

"Uliteleza wapi?" Bima alianza. Alikuwa na sauti yake ya kazini.

"Kwenye kijito. Mawe yalikuwa na utelezi."

"Ukaangukia mkono."

"Ningeangukia kifua, lakini kifuani kulikuwa na kamera. Nikainyanyua juu."

Bima akamtazama dada yake, dada yake akamtazama Bima.

"Mama, unataka kutuambia kwamba uliikinga kamera kwa mwili wako?"

"Mwili unapona wenyewe. Lenzi haiponi."

Msusi akapiga makofi mara moja. "Hiyo kamera ilikwisha kula kiinua mgongo chako, sasa inataka na mifupa! Wenzako wakistaafu wanafuga kuku, Mama. Wanakaa barazani. Wanasengenya watu kwa raha zao. Wewe unakwea majabali na fimbo, peke yako, na majirani wananiuliza saluni kama tumekufukuza nyumbani."

"Waambie ndiyo, mmenifukuza. Watakuja kusuka wengi zaidi wapate kusikia."

Mke wa Bima alicheka, kisha akakumbuka kwamba hapakuwa mahali pa kucheka, akainamia kikombe. Bima hakucheka. Alinyanyuka, akaichukua kamera pale mezani na lenzi yake ndefu, akaibana kwapani.

"Kuanzia leo mlima basi," alisema. "Samahani, Mama. Lakini basi."

Mkunga hakubisha wala hakununa. Aliosha kikombe chake kwa mkono mmoja, akawaaga, akaenda chumbani kwake. Hapo ndipo wote watatu walipoanza kuwa na wasiwasi.

* * *

Jumatatu asubuhi ofisi ya bima ilikuwa imejaa. Watu waliketi kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, kila mmoja akiwa na msiba wake mdogo: huyu gari lake limegongwa kwa nyuma, yule duka lake limeingia maji. Bima alikuwa kwenye meza yake nyuma ya kioo, na kamera ilikuwa kwenye droo ya chini kabisa, imefungwa kwa ufunguo.

Aliponyanyua macho alimwona mama yake amekaa mstari wa pili. Alivaa gauni lake la kutokea na viatu vyeupe vya kazi alivyokuwa akivaa wodini, vimepakwa rangi vikang'aa. Mkono ulikuwa bado kwenye mtandio. Alikuwa akizungumza na mwenye duka lililoingia maji, na alikuwa akimpa pole.

Bima akajishusha kwenye kiti chake polepole mpaka kompyuta ikamfunika.

Zamu yake ilipofika, Mkunga alisogea dirishani. Binti wa mapokezi alimtazama mkono kwa huruma.

"Shikamoo, mama. Umepata ajali?"

"Marahaba, mwanangu. Ajali si kitu, ajali imepita. Nimekuja kudai mali iliyopotea."

"Imeibiwa?"

"Imefichwa."

"Na nani, mama? Unamfahamu?"

"Namfahamu vizuri. Nilimzaa mwenyewe, na alitoka kwa kutanguliza miguu, usumbufu aliuanza siku hiyohiyo." Akanyoosha kidole cha mkono uliokuwa mzima. "Ni huyo aliyejificha nyuma ya kompyuta."

Ofisi nzima ikageuka. Mwenye duka lililoingia maji, ambaye alikuja akiwa na uso wa kufiwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Binti wa mapokezi alijiziba mdomo kwa mhuri. Hata meneja, mtu mrefu mwenye haraka, alitoka chumbani kwake kuuliza kuna nini, na alipomwona Mkunga akanyoosha shati.

"Mkunga! Shikamoo. Mke wangu anakusalimia. Yule mtoto wetu sasa yuko sekondari."

"Marahaba. Na huyu wangu je, anajiheshimu hapa kazini? Maana nyumbani ameanza kufungia mali za watu kwenye droo."

Bima alikuwa amesimama sasa, masikio yakimwaka. Alimshika mama yake kiwiko, kile kizima, akamtoa nje mpaka kwenye korido penye ndoo na fagio.

"Mama, unaniaibisha mbele ya wateja!"

"Na wewe uliniaibisha mbele ya mkeo, mkwe wangu. Tumetoka sare." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, kinda langu litaruka wiki hii. Ikichelewa sana, wiki ijayo. Nimelifuata tangu likiwa yai. Likiruka sipo, sitalipata tena."

"Kinda lako?"

"La tai. Ukutani mwa jabali, ng'ambo ya korongo. Wazazi wote wawili wanalisha, lakini siku hizi baba anakuja na nyama, anapita nayo karibu, hampi. Anamtamanisha. Maana yake muda umefika." Alisema kwa sauti ileile aliyowaambia waume wa watu kwamba wakachemshe maji.

Bima alimtazama. Kwa kitambo kidogo aliogopa kwamba mama yake ameanza kuzeeka kichwani. Kisha akaona macho yake, akajua kwamba aliyechanganyikiwa pale koridoni si mama.

"Sikia," alisema hatimaye. "Jumamosi twende wote. Mimi nitabeba kamera. Nikiona kwa macho yangu kwamba pale hapafai, unaacha, na hatuzungumzi tena."

"Na ukiona panafaa?"

"Hapafai, Mama."

"Sawa," alisema Mkunga. "Vaa viatu vya maana."

* * *

Viatu alivyovaa Bima vilikuwa raba nyeupe alizonunua siku ile ile ya safari dukani njiani, na kibandiko cha bei kilikuwa bado kwenye soli. Mgongoni alibeba begi lililofura: sanduku la huduma ya kwanza, kamba, mwavuli, tochi, blanketi, filimbi.

"Kwani tunahama?" aliuliza Mkunga. Yeye alikuwa na fimbo, chupa ya maji, na mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Uvimbe wa mkono ulikuwa umeshuka, lakini haukuwa tayari kubeba uzito.

Njia ilianzia nyuma ya mashamba, ikapanda taratibu kati ya vichaka, halafu ikaacha utaratibu. Bima alining'iniza kamera shingoni kama watalii wa kwenye matangazo. Kila hatua ilimpiga tumboni: pu, pu, pu. Mkunga alivumilia kwa muda, kisha akasimama.

"Hebu njoo. Unaibeba kama kengele ya ng'ombe." Aliutoa mkanda shingoni, akaupitisha begani na kifuani, kamera ikakaa ubavuni chini ya kwapa. "Sasa mikono yote iko huru. Ukipanda, kifuniko kiwe kwenye lenzi, la sivyo utaikwaruza kwenye mwamba. Ukiinama, ishike kwa kiwiko. Ukitaka kupiga, simama kwanza. Usipige picha huku unatembea. Ndivyo watu wanavyoingia kwenye korongo."

"Kwa hiyo korongo lipo."

"Ni mlima, mwanangu. Ulitaka kuwe na nini, lifti?"

Walikutana na wanawake wawili waliokuwa wakishuka na kuni. Walimwamkia Mkunga kwa furaha, wakamtazama Bima aliyekuwa ameinama, mikono kwenye magoti, jasho likimdondoka puani.

"Mgonjwa?" aliuliza mmoja kwa sauti ya chini.

"Hapana. Ni mlinzi wangu."

Wanawake wale walishuka mpaka wakapotea kwenye kona, lakini kicheko chao kiliendelea kusikika.

Walifika kwenye kijito. Mkunga alimwonyesha mawe ya kukanyaga, akatangulia yeye, fimbo ikigusa kwanza, mguu ukifuata. Bima alifuata huku akimweleza mama yake, kwa sauti ya kutosha kusikika juu ya maji, kwamba mahali kama hapa pasipo na kamba ya kushikia kampuni yoyote yenye akili ingekataa kumlipa mtu, na ndipo raba nyeupe zilipoteleza mbele, zote mbili kwa pamoja. Alikaa chini ndani ya maji kwa kishindo. Maji yalimfika kiunoni. Begi lilianza kunywa maji kwa sauti.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu kabisa, na kamera ilikuwa mkononi, kavu.

Mkunga alimtazama kutoka ng'ambo. Midomo ilikuwa ikimcheza.

"Kamera imelowa?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Bima aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa hewani, kama mkono wa mtu mwingine. Hakuwa amefikiri. Alianza kucheka akiwa bado amekaa ndani ya maji, kicheko kilichoanzia mbali, na mama yake naye akaachia, akacheka mpaka akalazimika kuegemea fimbo. Ilikuwa siku nyingi hawajacheka pamoja. Nyumbani walikuwa wakipeana pole tu, na habari za dawa.

* * *

Mahali pa Mkunga palikuwa mwamba bapa wenye kivuli nusu. Mbele yake ardhi ilikatika, na ng'ambo ya korongo ukuta wa jabali ulisimama, umefifia kwa ukungu. Kwa jicho tupu Bima aliona rundo la vijiti tu kwenye ufa. Mama yake alimpa kamera, akamwambia aondoe kifuniko na kuchungulia, na kupitia lenzi lile rundo likasogea mpaka likawa nyumba. Ndani yake kinda lilisimama, kubwa, la hudhurungi, na manyoya meupe machache ya utotoni yamelibaki kichwani. Lilikunjua mabawa, likaruka juu kidogo, likatua palepale, likatazama huku na huku.

"Limejishtua lenyewe," Bima alinong'ona.

"Linafanya hivyo wiki ya tatu sasa. Rudisha kifuniko, vumbi. Sasa tunakaa."

Wakakaa. Suruali ya Bima ilikauka upande wa jua, ikabaki imelowa upande wa mwamba. Walikula mkate. Bima ndiye aliyeanza kuongea, macho yakiwa ng'ambo.

"Unajua kazini kwangu watu hawaanguki halafu wakainuka? Wanaoinuka hawaji ofisini. Wanaokuja ni wale wengine, na wanakuja wakiwa karatasi. Umri, mahali, sababu. Nikisoma 'aliteleza', mimi naona viatu vyako pale mlangoni."

Mkunga alikunja kile kitambaa cha mkate, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani unaona haya kwa ajili ya majirani, kama dada yako."

"Hayo pia."

"Haya. Na mimi nikwambie langu. Miaka yote ile mikono hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumgusa mtu. Usiku, mvua, sikukuu, mtu anakuja, mimi nipo mlangoni. Nilipostaafu mkaninunulia kiti kizuri na mkanipa rimoti. Nawashukuru. Lakini kila asubuhi mnaniuliza nimelalaje. Hakuna anayeniuliza nimeona nini."

Bima alimimina maji kwenye kifuniko cha chupa, akampa mama yake anywe kwanza.

"Umeona nini?" aliuliza baadaye.

Mkunga akamweleza. Alimweleza mvua ya mawe iliyopiga wakati yai bado halijaanguliwa, na mama tai akalalia kiota mabawa wazi mpaka ikapita. Alimweleza siku kunguru walipokuja kwa kundi. Alieleza kwa mikono yote miwili, akisahau kwamba mmoja ulikuwa unamuuma, na Bima akasahau kuangalia saa.

Jua lilipozidi kupanda, Mkunga alinyanyuka kwa taabu. "Naenda pale kichakani kidogo. Usitoe jicho."

"Nenda taratibu. Angalia mguu."

"Nimejisaidia vichakani kabla hujazaliwa."

Alikuwa ametoweka nyuma ya majani tu, Bima aliposikia mlio mkali kutoka juu. Tai mkubwa alipita mbele ya ukuta, kitu kikining'inia kwenye kucha zake. Kinda lilitoka kwenye vijiti. Lilisogea mpaka ukingoni kabisa, pasipo na kijiti tena, likainama mbele.

"Mama!" Alijaribu kuita kwa kunong'ona, ikatoka kama kilio cha kuku. "Mama, limefika ukingoni!"

"Piga!" lilikuja jibu kutoka kichakani.

"Mimi sijui!"

"Bonyeza! Bonyeza tu!"

Bima aliinua kamera, akabonyeza, akabonyeza tena. Giza tupu. "Haioni kitu! Imezima!"

"Kifuniko! Toa kifuniko, wewe mtoto!"

Alikinyofoa, kikaruka, kikadunda kwenye mwamba na kutumbukia korongoni. Kwenye kioo kukajaa anga, halafu jani, halafu ukuta wa jabali uliokuwa ukicheza huku na huku. Kisha kinda likajiachia.

Lilianguka. Lilianguka kama kitu kilichodondoshwa, na Bima akapiga kelele, "Hapana!", huku kidole kikiendelea kubonyeza. Halafu mabawa yakafunguka. Hewa ikalishika, likayumba, likapinda kulia, likapita chini yao kabisa hata wakaona mgongo wake, mgongo wa tai ukimeremeta kwa jua, na likapanda.

Bima alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama nje ya kichaka, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, mwingine umeinuliwa kuelekea angani. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye alikuwa akicheka na kupiga vigelegele kwa pamoja, vile vigelegele alivyovipiga wodini mtoto akilia kwa mara ya kwanza. Sauti ilikwenda ikagonga jabali, ikarudi. Bima alimkimbilia, akamkumbatia akamnyanyua kutoka chini, sketi na yote.

"Nishushe, utaniangusha!"

"Umeona? Mama, umeona? Lilikuwa linaanguka!"

"Nimeona! Nimeona lote!" Alijifuta uso kwa mtandio. "Ningekuwa na kamera jichoni ningeona kipande tu. Hebu tuone ulichopata."

Walijifunika blanketi lenye maji ili waweze kukiona kioo vizuri. Picha nyeusi. Nyeusi nyingine. Jani. Jani na kidole. Anga. Jabali lililopinda. Na moja, ya mwisho kabisa, ambayo pembeni yake palikuwa na nusu ya bawa, manyoya ya ncha yametawanyika kama vidole, na nyuma yake bluu tupu.

"Samahani," Bima alisema. "Nimekuharibia."

Mkunga aliisogeza kamera karibu na macho. "Usiifute hii," alisema. "Kwenye picha zangu mimi, zote limetulia."

* * *

Msusi alikuwa sebuleni akiwangoja, mkoba begani, kwa kuwa alikuja kusikia uamuzi tu na kurudi kwenye kichwa cha mteja alichokiacha nusu. Walipoingia hakuamini. Kaka yake, ambaye hata kupiga deki alikuwa akivaa soksi safi, alikuwa na tope mpaka masikioni, raba moja imeachama mdomo. Mama yake alijitupa kwenye kile kiti kizuri akanyoosha miguu.

"Haya," Msusi alisema. "Umeona mwenyewe. Panafaa au hapafai?"

"Hapafai," alisema Bima. "Kijito kinateleza, ukingo hauna kizuizi. Mtu anavunjika shingo pale mchana kweupe."

"Si nilisema!"

"Ndiyo maana Jumamosi ijayo nanunua viatu vya kweli. Na kifuniko kipya cha lenzi, nilichokuwa nacho nimekitupa korongoni."

Mke wa Bima alitoka jikoni na sinia la chai, akamtazama mumewe juu mpaka chini, na kwa mara ya pili wiki ile akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo limeruka?" aliuliza. "Lilirukaje?"

Bima alimpa kamera aone bawa, lakini hakungoja aione vizuri. Alisogeza meza ya chai ukutani. Alipanda juu ya stuli, akainama mbele, akakunja mikono kifuani, akatazama zulia kana kwamba lilikuwa mbali sana chini yake. Kisha akajitupa, akanyoosha mikono, akayumba kupita mbele ya televisheni, tope likimdondoka kwenye zulia, akapinda kulia kuelekea mlangoni.

"Hapana, hapana," Mkunga alisema kutoka kitini. "Umefungua mabawa mapema. Lilianguka kwanza."

"Kweli, lilianguka kwanza." Bima alirudi, akapanda tena stuli. "Ngoja nianze upya. Dada, sogea hapo, wewe ndiye korongo."

Msusi alitazama saa ukutani, akamtazama mama yake aliyekuwa ameegemea mbele, macho yakimng'aa. Akaushusha mkoba begani, akasogea kwenye zulia, akakaa chini.